Mji na Shamba: Je, Mapato Yatalingana?



Vijijini kwetu twasikia manung'uniko mengi ya kuwa vijana wamekwenda mjini, na wazee wamebaki na jembe. Wengine husema mji wala shamba. Wengine hujibu kwamba mji ndio ulishao shamba, maana fedha za ada na za bati zatoka huko. Katika somo hili na tupime maneno hayo kwa mfano wa Tanzania.

1. Hali ilivyo

Watu walipohesabiwa mwaka 1967, katika kila 100 hawakuzidi 7 waliokaa mijini. Mwaka 2022 walikuwa kama 35. Miji imekua sana, lakini tofauti haikwisha. Uchunguzi wa kaya za Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulionyesha ya kuwa katika watu 100 wa vijijini, 31 hivi walipungukiwa na mahitaji ya lazima. Mijini walikuwa kama 16. Yaani umaskini wa shamba ulikaribia mara mbili ya ule wa mjini.

2. Sababu zake

Mjini kazi ni za namna nyingi, na mnunuzi yu karibu na muuzaji. Mkulima hungoja mvua, kisha huuza wakati wa mavuno, kila mtu anapouza na bei iko chini. Tena wanaoondoka mara nyingi ndio wenye nguvu na elimu. Kwa hiyo mji ukikua, tofauti yaweza kuzidi kwanza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya ya kuwa fedha zilizokopwa ng'ambo hutumika zaidi mijini, bali deni hulipwa kwa jasho la mkulima.

3. Mafundisho ya Kagera

Mkoani Kagera wachunguzi waliandika habari za kaya nyingi tangu mwaka 1991 hata 1994, wakawatafuta watu wale wale tena mwaka 2004, pamoja na waliohama. Wakaona ya kuwa nyongeza ya matumizi ya waliohama ilizidi ile ya waliobaki kwa sehemu 36 katika 100. Basi wanaoondoka hawaendi bure.

Lakini walipotafutwa mara nyingine mwaka 2010, likaonekana jambo la pili. Katika wale waliotoka katika umaskini, karibu nusu walitoka kwa kuacha kilimo na kushika kazi nyingine huko huko vijijini, au katika miji midogo. Waliotoka kwa kwenda mji mkubwa walikuwa mmoja tu katika 7. Mji mkubwa humpa mtu mmoja zaidi, lakini wanaoufikia ni wachache. Mji mdogo u karibu: nauli ni ndogo, jamaa wapo, na mtu aweza kurudi kulima mvua zikinyesha. Tena hununua ndizi na maziwa ya jirani zake.

4. Yatupasayo

Tusimlaani kijana aondokaye, wala tusimdharau abakiye. Barabara ya kufika sokoni, mashine ya kusaga, na ghala ya kuwekea mazao hata bei ipande, hayo humletea mkulima sehemu ya faida ya mji. Naye aliye mjini, akituma fedha, yafaa azitume pia kwa mbegu na mifugo, si kwa msiba na sherehe tu. Maana mama mzee aliyeachiwa shamba na wajukuu hawezi kungoja miaka mingi hata mapato yalingane.

Maswali ya kuzungumza:

Katika kijiji chenu, ni nani waliobaki, na ni nani awasaidiaye kulima? Mji mdogo ulio karibu nanyi hununua nini kwenu? Ni kitu gani ambacho mngeweza kuuza huko, lakini njia au ghala imewazuia?