Mkaa unaonasa iodini yenye mionzi ndani ya maji

Kila anayenunua chumvi dukani ameona maneno "madini joto" juu ya pakiti. Madini hayo ndiyo iodini. Mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo tu, na yakikosekana mtu huota rovu. Tezi iliyo shingoni huvuta iodini kutoka katika damu na kuiweka akiba. Lakini tezi hiyo haiwezi kutofautisha iodini ya kawaida na iodini 131, ile yenye mionzi inayozaliwa ndani ya vinu vya nyuklia. Mtoto mchanga yumo hatarini zaidi, kwa kuwa tezi yake ni ndogo na bado inakua.

Mwezi Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, kinu cha Fukushima huko Japani kiliharibika. Mvua ilishusha iodini hiyo katika mito, na tarehe 22 maji ya mtambo wa Kanamachi, Tokyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka kinuni, yalipimwa na kukutwa na bekereli 210 kwa kilo moja. Kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100, na cha watu wazima 300. Wazazi waliambiwa wasiwakorogee watoto maziwa ya unga kwa maji ya bomba, na serikali ya jiji ikagawa maji ya chupa.

Kwa miaka mingi tumefundisha vijijini: chemsha maji ya kunywa. Hapa somo hilo halisaidii. Moto huua vijidudu, lakini iodini si kiumbe hai. Maji yakipungua kwa mvuke, iodini nyingi hubaki sufuriani, na yale yanayobaki huwa makali zaidi.

Kinachosaidia ni kuinasa. Mkaa maalum wa kusafishia maji, uliochomwa tena kwa mvuke wenye joto kali, hujaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gramu moja yake yaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000. Vijiko vichache vingetosha kufunika uwanja wa mpira. Haunyonyi kama sifongo. Unashika kama ulimbo unavyoshika ndege: kinachogusa ukuta kinabaki pale.

Hata hivyo iodini ina ujanja wake. Ikiwa ndani ya maji kama chumvi iliyoyeyuka, mkaa huo huiachia ipite, karibu yote. Wataalamu hutia kwanza klorini kidogo, ile ile ya kuulia vijidudu, nayo huibadilisha iodini iwe katika umbo linaloshikika. Klorini ikizidi, iodini hugeuka tena na kuponyoka. Ndiyo maana kazi hii ni ya mtambo wenye vipimo, na hata huko unga wa mkaa huondoa sehemu tu. Njia yenye nguvu zaidi ni kupaka vitundu hivyo madini ya fedha, iwe katika mkaa au katika jiwe lenye vitundu liitwalo zeolaiti. Fedha na iodini zikikutana huungana kuwa kitu ambacho karibu hakiyeyuki kabisa katika maji. Tatizo ni bei.

Basi mkaa wa jikoni uliotwangwa na kuwekwa ndooni usitegemewe kwa kazi hii. Wala chumvi si dawa: Machi hiyo hiyo watu wengi nchini China waligombania chumvi madukani, ingawa iodini iliyomo ni kidogo mno kuweza kuikinga tezi. Mamlaka ikitangaza hatari, tumia maji yaliyohifadhiwa na kufunikwa kabla ya ajali, na wa kwanza kupewa wawe watoto na mama wanaonyonyesha.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Mkaa hauiui mionzi. Unaihamisha tu kutoka majini. Iodini 131 hupungua kwa nusu kila siku 8, hivyo baada ya siku 80 hubaki takribani sehemu moja katika elfu. Lakini kinu hutoa pia iodini 129, ambayo huchukua zaidi ya miaka milioni 15 kupungua kwa nusu. Huko Fukushima vifaa vilivyokwisha kunasa uchafu wa maji ya kinu hufungiwa katika makasha maalum na kutunzwa pale pale, chini ya ulinzi.