Dawa ya Kuzuia Kutapika na Moyo wa Mtoto

Mara nyingi tunapokea mtoto anayeharisha na kutapika, ambaye mama yake amekwisha kumpa dawa ya kuzuia kutapika aliyoinunua dukani. Tunamwelewa mama huyo. Nani atatulia akiona kila anachokunywa mwanawe kinarudi? Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua.

Moyo hupiga kwa mpango kwa nguvu ya umeme mdogo unaopita ndani yake. Umeme huo hutegemea chumvi zilizomo mwilini, hasa potasiamu na magnesiamu. Mtoto anayeharisha na kutapika hupoteza chumvi hizo. Dawa kama ondansetroni na domperidoni nazo huweza kuuchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Mambo hayo mawili yakikutana, mapigo yanaweza kuvurugika, mtoto akazimia, hata kufa. Ni nadra, lakini huweza kutokea.

Je, dawa hizi ni sumu? Hapana. Dozi moja ya ondansetroni ya kumeza, iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, humsaidia anywe na hupunguza haja ya dripu. Hatari huongezeka dozi zinapozidishwa, zinaporudiwarudiwa au zinapochanganywa na dawa nyingine. Domperidoni, huko Uingereza, tangu mwaka 2019 hairuhusiwi tena kwa kutapika kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Kabla mtoto hajapewa dawa hiyo, mwelezeni mganga:

1. Kama ana ugonjwa wa moyo, huzimia ghafla, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana.
2. Dawa nyingine anazotumia, kwa mfano erithromisini au kwinini.
3. Ameharisha siku ngapi, na mmempa nini nyumbani.

Tiba kubwa ni kurudisha maji na chumvi. Changanyeni pakiti ya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mpeni tena polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Mleteni hospitali upesi akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakididimia, akiharisha damu au akizimia. Msingoje kujaribu dawa ya pili.