SOMO LETU: Maswali 11 kwa Mama Anayekoma Hedhi



Katika mikutano yetu mashambani na viwandani tumesikia malalamiko yaleyale. Mama wa miaka 49 au 50, mchumaji hodari wa chai tangu ujana, sasa usiku hapati usingizi, mchana joto humpanda ghafla, na viungo vinamuuma. Kilo zake zikipungua kwenye mizani, nyapara husema ni mvivu. Yeye hunyamaza kwa aibu. Leo tujifunze namna ya kuipima taabu hii.

Kukoma hedhi si ugonjwa. Wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na mama huhesabiwa amekoma akipitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi. Baadhi hupita salama. Wengine huteseka kwa miaka.

Taabu hiyo hupimwa kwa kumwuliza mwenyewe. Ndiyo maana wataalamu walitunga karatasi za maswali, yaleyale kwa kila mtu. Ile ya Kupperman, ya Marekani katika miaka ya 1950, ilijazwa na daktari, na ukavu wa uke haukuulizwa. Ile iitwayo MRS, ya Ujerumani katika miaka ya 1990, hujazwa na mama mwenyewe. Ina sehemu tatu:

1. Mwili: joto la ghafla na jasho; mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida; kukosa usingizi; maumivu ya viungo na misuli.
2. Nafsi: huzuni, hasira za upesi, wasiwasi, uchovu wa mwili na akili.
3. Uzazi na mkojo: matatizo ya tendo la ndoa, taabu ya mkojo, ukavu wa uke.

Kila swali hupewa alama, kuanzia 0 (hakuna taabu) hadi 4 (taabu kali mno). Jumla ikiwa 0 hadi 4, taabu haipo au ni kidogo sana. 5 hadi 8 ni ndogo. 9 hadi 16 ni ya wastani. 17 na zaidi ni kali.

Tuchukue mfano. Joto 3, usingizi 4, viungo 3, uchovu 3, mengine 0. Jumla ni 13. Mama apate matibabu, na kazini apate maji, kivuli na mapumziko mafupi. Baada ya miezi mitatu ajaze tena. Akipata 7, sote tunaona kwamba amepata nafuu.

Lakini tuwe waangalifu. Kwanza, karatasi haitaji sababu. Viungo huweza kuuma kwa uzito wa kikapu, na moyo una magonjwa yake. Mama aende zahanati. Damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12, aende hospitali bila kuchelewa.

Pili, asiyejua kusoma asomewe na mwanamke mwenzake anayemwamini, kwa lugha anayoielewa.

Tatu, karatasi ni siri. Isifike kwa nyapara, isije ikatumika kuchagua wa kupunguzwa kazi. Kwa mwajiri tupeleke hesabu ya wengi bila majina. Penye wanawake wawili watatu tu, hata hesabu hutaja jina, hapo tusipeleke.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika tawi letu, mama mwenye taabu hii amwendee nani bila aibu?
2. Kutoka anapofanyia kazi, maji na choo viko umbali gani?
3. Tudai nini kwanza?