Maumivu ya Kiuno: Kila Mgonjwa na Tiba Yake

Mvuvi wa Msimbati aliyevuta mashua ufukweni na mama wa Madimba aliyeinama kutwa akiokota korosho wanaweza kufika kituo cha afya siku moja, wote wakishika kiuno. Maumivu yao yanafanana, lakini hatari inayowakabili huenda ikatofautiana kabisa. Ndiyo maana mtoa huduma hutanguliza maswali kabla ya sindano.

Wasiopaswa kusubiri

Swali la kwanza ni iwapo zipo dalili za hatari: mkojo kuziba au kutoka bila kujizuia, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu kuishiwa nguvu. Dalili hizo huashiria kuwa mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo imebanwa. Mgonjwa huyo huhitaji rufaa siku hiyo hiyo. Akicheleweshwa, anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu.

Uchunguzi wa haraka huwahusu pia aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye pikipiki, aliyewahi kuugua saratani, na mwenye homa, jasho la usiku au anayepungua uzito. Kifua kikuu hakishambulii mapafu pekee. Hula hata pingili za mgongo. Nchini Tanzania dawa zake hutolewa bila malipo.

Walio wengi

Wasio na dalili hizo ndio wengi, na aghalabu hupata nafuu ndani ya wiki chache. Kwa kawaida hawahitaji picha ya eksirei, kwa kuwa haioneshi misuli wala mishipa ya fahamu, na mara nyingi haibadilishi tiba. Wanachohitaji ni maelezo mazuri, dawa ya kutuliza maumivu kwa muda mfupi kadiri ya ushauri wa mtaalamu, na kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi hukaza mgongo na kuchelewesha nafuu.

Walio katika hatari ya maumivu sugu

Wapo ambao maumivu hushuka hadi mguuni, au ambao hofu, huzuni na kukata tamaa huwafanya waogope hata kuinama. Hao wakipewa vidonge pekee, hurejea tena na tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walitunga maswali 9 ya kuwatambua mapema ili waelekezwe kwenye mazoezi tiba na ushauri nasaha. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 851 wa huduma za msingi, ulionesha kuwa waliopewa tiba kulingana na kiwango cha hatari walipata nafuu zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Wajibu wa mgonjwa

Upangaji huu hutegemea ukweli wa mgonjwa. Anayeona haya kutaja mkojo au ganzi ya sehemu za siri huweza kurudishwa nyumbani na vidonge ilhali alistahili gari la wagonjwa. Ataje pia dawa zote anazotumia, za asili zikiwemo, pamoja na ujauzito, vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, kisha akaona mojawapo ya dalili za hatari, arudi kituoni mara moja, hata kama ni usiku.