MAHINDI YAKIKAUKA YANGALI MACHANGA

Ndugu wakulima wa Ufipa, mahindi ndiyo ugali wetu na ndiyo fedha yetu. Mwaka 2011 huko Bomet, Kenya, ulizuka ugonjwa mbaya wa mahindi. Mwaka 2012 ukaonekana Tanzania. Majani hupata michirizi ya manjano, hukauka kuanzia pembeni, na gunzi halijai punje. Shamba zima laweza kupotea.

Huletwa na virusi vya aina mbili vikiingia pamoja katika mmea mmoja. Wadudu wadogo huvibeba. Dawa ya kuuponya mmea hakuna.

Yapo mahindi yanayostahimili, ila kuyachanganya na mbegu zetu kwa uchavushaji huchukua miaka mingi. Kwa hiyo wataalamu wa KALRO na CIMMYT nchini Kenya wanajaribu njia fupi. Ndani ya mmea mna jeni, kama maandishi yanayouambia mmea ukue vipi. Sisi tuliojifunza kuandika twajua: herufi ikikosewa, huchani daftari. Wafuta ile tu, waandika nyingine. Nao hurekebisha kipande kile tu, katika mbegu ambayo mkulima tayari anaipenda.

Lakini msiitafute madukani Sumbawanga. Ukiona dalili, ng'oa mche, uchome, mwite bwana shamba. Msimu ujao panda maharage hapo.