Ni Ismail yupi? Somo juu ya watu wanaoitwa jina moja



Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Sumbawanga. Siku moja, baada ya kipindi kwisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa na swali aliloona haya kuliuliza mbele yao. Rafiki yake Mkristo, ambaye wanalala bweni moja, alimwambia kuwa Qur'an imechanganya watu. Maryam, mama yake Nabii Isa (a.s), katika Suratu Maryam aya ya 28 anaitwa dada yake Harun, na katika Surat Aal Imran baba yake ni Imran. Lakini Harun anayejulikana ni ndugu yake Nabii Musa (a.s), na Biblia inamtaja dada yao aitwaye Miriamu, na baba yao Amramu. Kati ya Miriamu yule na mama yake Isa kuna zaidi ya miaka elfu moja.

"Mwalimu," aliniuliza, "nimjibu nini?"

Swali la namna hii si geni hapa Ufipa. Wamisionari wa Kikatoliki wanaojulikana kama White Fathers waliweka makazi Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki umeota mizizi katika nyanda hizi. Sisi Waislamu ni wachache. Watoto wetu wanasoma na watoto wao, tunauziana mahindi na maharage, na tunazikana. Kwa hiyo maswali ya dini hayatufikii kupitia vitabu vya mijadala. Yanatufikia mezani, wakati wa kula.

Jibu alilolitoa Mtume (s.a.w)

Nilimwambia binti yule kwamba rafiki yake hakulibuni swali hilo. Lina zaidi ya miaka 1,400. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Sahaba Mughira bin Shu'ba (r.a) alipokwenda Najran, Wakristo wa huko walimuuliza swali hilohilo: vipi Maryam aitwe dada yake Harun, ilhali Musa alimtangulia Isa kwa muda mrefu kiasi kile? Mughira hakuwa na jibu. Aliporejea Madina alimuuliza Mtume (s.a.w), naye akamfahamisha kuwa watu wale walikuwa na desturi ya kuwapa watoto wao majina ya Mitume na watu wema waliowatangulia.

Jibu ni fupi na linatosha. Harun ni wawili, na jina ni moja.

Nikamwambia pia amuulize rafiki yake, kwa upole na bila kebehi: Yusufu mwana wa Yakobo ni nani? Katika kitabu cha Mwanzo ni yule aliyeuzwa Misri na ndugu zake. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 1 mstari wa 16, Yusufu mume wa Mariamu naye baba yake anaitwa Yakobo. Ni Yusufu wawili, kila mmoja mwana wa Yakobo, na hakuna Mkristo anayewachanganya. Basi atuvumilie na sisi tukiwa na Harun wawili na Imran wawili.

Binti aliondoka amefurahi. Nami nilifurahi, na nakiri kuwa nilijiona mwalimu hodari.

Elimu nzima kwa ajili ya majina

Wiki iliyofuata niliona niwafundishe darasa zima jambo hili kwa upana. Wanavyuoni wa Hadithi walilitengea tawi zima la elimu, nalo linaitwa al-Muttafiq wal-Muftariq, yaani majina yanayofanana na watu wanaotofautiana. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), alitunga kitabu kikubwa kwa jina hilohilo. Baada yake Ibnus Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, alieleza kuwa walioitwa al-Khalil bin Ahmad walikuwa sita. Wengi wetu tunamjua mmoja tu, yule bingwa wa lugha wa Basra aliyeasisi elimu ya mizani ya mashairi ya Kiarabu.

Wakati mwingine kinachomtofautisha mtu ni mji. Wanavyuoni wamepokea kwamba ikisemwa "Abdallah" tu bila nyongeza, Makka anakusudiwa Ibn Zubayr, Madina ni Ibn Umar, Kufa ni Ibn Mas'ud, Basra ni Ibn Abbas, na Khurasan ni Abdallah bin al-Mubarak. Hapa kwetu ni hivyohivyo. Ukisema Juma wa Chanji, Juma wa Katandala na Juma wa Izia, kila mtu wa Sumbawanga anajua umewataja watu watatu.

Wakati mwingine ni majira. Ibn Hajar aliyeandika Fat'hul Bari na Bulughul Maram ni al-Asqalani wa Misri, aliyefariki mwaka 852 Hijria. Ibn Hajar mwenye Tuhfa, kitabu mashuhuri cha fiqhi ya Shafii, ni al-Haytami, aliyezaliwa baada ya huyo wa kwanza kufariki. Mara ngapi tunasikia mtu akisema "Ibn Hajar kasema", na msikilizaji haulizi ni yupi?

Na wakati mwingine kinachotenganisha ni mpangilio tu wa jina. Tanga ya karne ya 19 ilikuwa na mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Ilikuwa pia na mwandishi wa Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi el-Ajjemy. Ukigeuza jina la mmoja umemtaja mwingine. Zanzibar nayo iliongozwa na Abeid Amani Karume kuanzia mwaka 1964 hadi alipouawa mwaka 1972, kisha na mwanawe, Amani Abeid Karume, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Kijana akikosea mpangilio katika mtihani, amemtwisha mtoto kazi ya baba.

Lakini mfano niliousisitiza zaidi darasani ni wa Ismail bin Aban. Katika mji wa Kufa waliishi watu wawili wa jina hilo, zama moja, na baba zao wote wakiitwa Aban. Mmoja ni Ismail bin Aban al-Warraq, aliyefariki mwaka 216 Hijria. Huyu ni mwaminifu katika upokezi na ni miongoni mwa masheikh wa Imam Bukhari. Wa pili ni Ismail bin Aban al-Khayyat, aliyefariki mwaka 210. Huyu wanavyuoni wamemwacha, na ametuhumiwa kutunga Hadithi za uongo. Kinachowatenga ni kazi zao: al-Warraq ni mtu wa karatasi na kunakili vitabu, al-Khayyat ni fundi wa kushona nguo. Asiyeuliza "Ismail yupi?" ama atapokea uongo kwa sababu ya jina la mkweli, ama atamkataa mkweli kwa sababu ya jina la mwongo.

Wanafunzi waliandika. Nikafuta ubao, nikaenda zangu nyumbani.

Yaliyonifika mwenyewe

Haukupita mwezi, ujumbe ukaingia katika simu yangu. Ulisema kwamba ustadhi fulani amekula fedha za mayatima, na ukamtaja kwa majina mawili. Aliyenitumia alikuwa ameongeza maneno matatu juu yake: "huyu wa kwetu".

Katika mji wetu yupo ustadhi mwenye majina hayo mawili. Anafundisha watoto Qur'an, na mwanangu mwenyewe alikuwa akisoma kwake. Sikuuliza baba yake nani. Sikuuliza ni mji gani, mayatima wepi, wala nani ameshuhudia. Siku ile ile nilimzuia mwanangu asiende madrasa. Wazazi wawili waliponiuliza sababu, niliwaambia. Wakawatoa watoto wao. Magharibi nilikutana naye mlangoni mwa msikiti, akanitolea salamu, nikaijibu nikiangalia viatu.

Baada ya wiki tatu ukweli ukadhihiri. Mtu aliyesemwa katika ujumbe ule alikuwa wa mkoa mwingine kabisa. Na hata huyo, tuhuma zake zilikuwa bado ni tuhuma.

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyesimama ubaoni nikaandika habari za al-Warraq na al-Khayyat. Nilikuwa na uangalifu mkubwa kwa watu waliofariki miaka 1,200 iliyopita, lakini kwa jirani yangu aliye hai nikakosa uangalifu wa dakika mbili. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuchunguze habari zinapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Aya hiyo nimeihifadhi tangu utotoni.

Nilimwendea nyumbani kwake nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kwa muda, akaniagizia chai. Kisha akasema: "Mimi nimekusamehe, mwalimu. Lakini nenda kawaambie wale uliowaambia."

Nilikwenda. Mzazi wa kwanza alisikitika na akamrudisha mtoto wake. Wa pili alikuwa amehama mkoa, na namba yake haipatikani tena. Huko aliko, pengine hadi leo anaamini, na anawasimulia wengine, kuwa ustadhi yule ni mla haki ya yatima. Neno langu liko njiani na sina namna ya kulirudisha.

Tufanye nini?

Kwanza, tuyarejeshe majina kamili. Desturi yetu ya kusema fulani bin fulani bin fulani ni kinga ya heshima za watu. Tunapotangaza msiba, deni au tuhuma, majina mawili hayatoshi. Tutaje baba na babu, mtaa na kazi.

Pili, kabla ya kusadiki kauli iliyonasibishwa na mwanachuoni, tuulize ni yupi, aliishi lini, na ameisema katika kitabu gani. Hili linawahusu hasa ndugu zetu wa mijini, ambao kwa siku moja hupokea jumbe nyingi kuliko darsa wanazohudhuria kwa mwezi.

Tatu, habari ikimgusa mtu kwa ubaya, hata tukiwa na hakika kuwa ndiye, bado tujiulize kama tuna haja ya kuisambaza. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa mtu huhesabiwa mwongo kwa kusimulia tu kila anachokisikia.

Huenda msomaji amegundua kuwa ustadhi yule sikumtaja jina. Ningelitaja, nina hakika kuwa wako wengine wenye jina hilo Dar es Salaam, Tanga, Kigoma na Ujiji, na kesho mmoja wao angeulizwa: "Kumbe wewe ndiye yule wa gazetini?"

Wabillahi tawfiq.