Kodi ya Mauzo na Duka Lisilo na Mlango

Tumeulizwa na ndugu aliyehamia Ruiru, mwenye kuuza leso, kofia na kanzu kwa njia ya intaneti: je, yampasa atoze kodi ya mauzo, ilhali hana duka wala kibao barabarani? Mali yake hutoka Mombasa kwa basi, akaipokea na kuifunga nyumbani kwake, kisha mwenye pikipiki akaipeleka kwa mnunuzi. Suali hili si la mtu mmoja. Ruiru ilihesabiwa watu 490,120 mwaka wa 2019, na katika miji ya namna hiyo, kama hapa petu pwani, wengi leo huuza kwa simu bila ya kukodi hata chumba.

Jawabu ni kuwa sheria haiulizi mlango. Huuliza umeuza nini, na umeuza kiasi gani. Wako wasemao kuwa biashara ya simuni haionekani, na kwa hiyo haina kodi. Maneno haya hayana msingi. Fedha zipitazo katika M-Pesa huacha alama kuliko zilivyoacha noti za wazee wetu zilizowekwa sandukuni.

Kodi yenye jina hilo la kodi ya mauzo ilianza Kenya mwaka wa 1973. Mwaka wa 1990 iliondolewa, na mahali pake pakashikwa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wafanya biashara huiita VAT. Sheria yake itumikayo ni ya mwaka wa 2013. Kiwango ni asilimia 16. Kilishushwa hadi 14 mwezi wa Aprili 2020 wakati wa maradhi ya korona, kikarejeshwa tarehe 1 Januari 2021. Muuzaji wa Marekani ana taabu kubwa kuliko sisi, maana huko majimbo hutofautiana, mengine hayana kodi hiyo kabisa, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu yao ya mwaka wa 2018 muuzaji wa intaneti aweza kulazimika kuitoza hata katika jimbo asilokuwa na duka. Kwetu mnunuzi wa Lamu na wa Kisumu ni sawa. Illa mali ikivuka mpaka kwenda Tanga, hayo ni mauzo ya nje, na kiwango chake ni sifuri, maadamu muuzaji anazo karatasi za forodha za kuthibitisha.

Mauzo ya vitu vyenye kutozwa kodi hii yakifika shilingi 5,000,000 katika miezi 12, au yakitarajiwa kufika, mwenye biashara hana budi kujiandikisha katika siku 30. Palikuwa na shauri la kuupandisha mpaka huo hadi milioni 8 katika Mswada wa Fedha wa 2024, lakini mswada ule uliachwa baada ya maandamano ya Juni, na wako wanaodhani hadi leo kuwa ulipita. Aliye chini ya mpaka halazimiki, ingawa aweza kuomba kuandikwa kwa hiari yake. Na asiyeandikwa haruhusiwi kuongeza asilimia 16 katika risiti. Wako wafanyao hivyo wakaona ni ujanja wa biashara. Huo si ujanja. Ni kuchukua mali ya watu kwa jina la serikali.

Ndugu yetu asema huuza kama shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Basi VAT haijamfikia. Iliyomfikia ni nyingine, kodi ya jumla ya mauzo, ijulikanayo kwa jina la TOT. Hii ni ya mwenye mauzo yapitayo milioni 1 yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Kwake yeye ni shilingi 4,500 kila mwezi, zilipwe kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Hii hutoka mfukoni mwake, wala haiandikwi katika risiti ya mnunuzi.

Hapa pataka mtu atulie ahesabu, maana TOT hukatwa katika mauzo yote, si katika faida. Ikiwa faida yake ni shilingi 10 katika kila 100, basi amepata 15,000 na kutoa 4,500, karibu thuluthi ya faida. Mwenye faida nyembamba aweza kumwandikia Kamishna kwamba ataka kutolewa katika TOT, alipe kodi ya mapato ya kawaida, ambayo hutazama faida baada ya gharama. Lakini njia hiyo yataka daftari lililo safi, na wengi wetu daftari letu ni kichwani. (Wala kodi hizi si zaka, mwenye kulipa hii hajaitoa ile.)

Siku atakapoandikwa katika VAT, aangalie sana namna ya kuitoa kodi katika bei. Kanzu iuzwayo 1,160 pamoja na kodi, kodi yake ni 160, kwa kuwa bei yenyewe ni 1,000. Anayechukua asilimia 16 ya 1,160 hupata 185.60, akajidhulumu. Lazima agawanye kwa 116, kisha azidishe kwa 16. Naye akiibakisha bei yake ya zamani ya 1,000 ili asiwakimbize wanunuzi, ajue kuwa 137.93 katika hiyo si yake tena. Ni amana, haifai kununuliwa mali nyingine.

Kadhalika hupewa haki ya kupunguza kodi aliyoilipa aliponunua. Tuseme amenunua Mombasa kwa 69,600, ndani yake kodi 9,600, akauza kwa 92,800, ndani yake kodi 12,800. Atapeleka 3,200 tu. Lakini hayo ni kwa mwenye ankara ya eTIMS, mpango ulioanzishwa na Mamlaka ya Mapato Februari 2023. Akinunua kwa asiyetoa ankara hiyo kwa sababu bei yake ni nafuu kwa shilingi chache, atalipa 12,800 nzima, na unafuu ule umekwisha. Hata asiye wa VAT aitake, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara hiyo haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato. Mwenye biashara ndogo aweza kutoa yake kwa simu ya kawaida, kwa kupiga *222#.

Ada ya pikipiki, mnunuzi akimlipa mpandaji mwenyewe, haiingii katika hesabu ya duka. Muuzaji akiiandika ndani ya bei yake, yaingia. Na mwezi ambao aliyeandikwa katika VAT hakuuza kitu, bado yampasa apeleke katika iTax hesabu yenye sifuri kabla ya kupita tarehe 20. Asipoipeleka hutozwa faini juu ya mauzo ambayo hayakuwako.